Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Udongo, Tarehe za Maua na Kuzaliwa kwa Spishi Mpya

Ndugu wanachama,

Fomu za uchunguzi wa mimea zilizorejeshwa mwaka huu zimejaa vipimo vya udongo, na vingi vimefanywa kwa uangalifu. Kinachokosekana ni tarehe za maua. Kamati inaona hili ni pengo kubwa, kwa sababu udongo peke yake hauzai spishi mpya. Mimea inaweza kuota kwenye udongo wa aina mbili miaka nenda miaka rudi na ikabaki spishi moja, ilimradi chavua inavuka mpaka. Mgawanyiko huanza chavua inapokwama, na mara nyingi hukwama kwa sababu upande mmoja umetangulia kuchanua.

Tazameni kisiwa cha Lord Howe, Australia, ambacho hakifiki kilomita za mraba 16 na kilitokana na volkano chini ya miaka milioni 7 iliyopita. Kuna spishi mbili za miti ya jamii ya mnazi ambayo kwa asili haipo kwingine duniani. Howea forsteriana hustawi kwenye udongo wa chokaa. Howea belmoreana hukaa kwenye udongo wa volkano, wenye asidi zaidi. Yote huchavushwa na upepo, na hakuna bahari wala jangwa kati yao. Ila kilele cha maua ya forsteriana hutangulia kile cha belmoreana kwa takribani wiki 6 hadi 7. Machotara wapo, lakini ni wachache mno.

Huko Trelogan, Wales, nyasi za Anthoxanthum odoratum zimeota juu ya kifusi cha mgodi wa zinki na risasi. Ustahimilivu wao wa madini hushuka ghafla ndani ya mita chache tu mtu akivuka kuingia malishoni. Nyasi za mgodini huchanua mapema kwa kama wiki moja, na tofauti hiyo hubaki hata zikipandwa pamoja bustanini. Hapo spishi mpya bado, lakini mlango umeanza kufungwa.

Wanachama walio Lubumbashi, Likasi na Kolwezi wanaishi jirani na hazina kubwa zaidi ya haya. Vilima vya shaba vya Katanga, kusini mwa Kongo (DRC), vina spishi zaidi ya 30 zisizoota penginepo, na shaba udongoni humo inaweza kupita miligramu 10,000 kwa kilo, kiasi ambacho mimea mingi haikihimili. Vilima hivi vinachimbwa. Kilima kikiondoka, spishi iliyokuwa hapo tu huondoka nacho, ndiyo maana tunaomba kazi ianzie huko.

Utaratibu ni huu. Chagueni mpaka ambako spishi moja inaota pande zote mbili. Kila upande wekeni alama mimea 20, mrudi kila baada ya siku 3, mkiandika siku ua la kwanza lilipofunguka na siku la mwisho liliponyauka. Udongo uchukuliwe sentimita 0 hadi 15, sehemu 5 kila upande, uchanganywe, ukaushwe kivulini na upitishwe kwenye chungio la milimita 2. Kwa kupima pH, yaani kiwango cha asidi, gramu 10 za udongo zitiwe mililita 25 za maji yaliyotoneshwa, mkoroge, msubiri nusu saa.

Tofauti ya tarehe ikionekana, msishangilie upesi. Udongo mbaya wenyewe huweza kuchelewesha au kuharakisha maua bila mmea kubadilika kiurithi. Kusanyeni mbegu pande zote, mzioteshe kwanza kizazi kimoja kwenye udongo wa aina moja ili kuondoa athari ya mmea mama, kisha mbegu za kizazi hicho zipandwe katika udongo wote wawili: michanganyiko 4, vyungu 10 kila mmoja. Msitumie makopo ya mabati, kwani zinki huchuja na kuingia udongoni. Mwagilieni maji ya mvua. Maji ya bomba yenye chokaa hupandisha pH polepole na kuharibu jaribio zima. Vyungu vihamishwe nafasi kila wiki, la sivyo mtapima kivuli badala ya udongo.

Fomu mpya zina safu ya maua mbele ya safu ya pH. Zijazwe kwa penseli, maana wino hutoka mvua ikinyesha, na zimfikie katibu mwezi mmoja kabla ya mkutano mkuu.

Mwenyekiti