Mnenguaji halipwi kwa sarakasi peke yake

Mhariri,

Nimesoma kwa makini makala mliyochapisha kuhusu wanenguaji wa kumbi za usiku, ambamo mwandishi alidai kwamba anayemudu mitindo migumu zaidi kwenye nguzo ya chuma ya jukwaani ndiye anayeondoka na fedha nyingi zaidi. Nimeifanya kazi hii kwa miaka tisa na naomba kutofautiana naye, kwa sababu wanaoanza kazi huyaamini maneno kama hayo, wakatumia miezi kujifunza kuning'inia kichwa chini, kisha wakashangaa kurudi nyumbani mikono mitupu ilhali mwenzao asiyejua hata kupanda nguzo amelipwa vizuri.

Nadhani mwandishi amechanganya ukumbi na uwanja wa mashindano. Mashindano ya nguzo yapo na yanastahili heshima: shirikisho lake la kimataifa lilianzishwa mwaka 2009, na katika kanuni zake mchezaji hutumia nguzo mbili, moja iliyokazwa na nyingine inayozunguka, na mitindo mingi ya lazima sharti ishikiliwe kwa sekunde 2 ndipo ipate alama. Ukumbini hakuna jaji wa kuhesabu sekunde hizo. Zaidi ya hayo, katika kumbi nyingi mnenguaji hana mshahara. Yeye ndiye anayemlipa mwenye ukumbi ada ya usiku huo, kisha kipato chake hutoka kwa wanaomtunza jukwaani na wanaomwomba awachezee faraghani. Hawa wa faraghani ndio wanaoleta fedha ya maana, na ni nadra mtu kumwita mnenguaji ambaye hawajawahi hata kutazamana.

Kutazamana huko ndiko kunakopotea juu ya nguzo. Aliyening'inia kwa goti moja, kichwa kikiwa chini na nywele zimemfunika, haoni uso wa mtu yeyote, na nguzo inayozunguka humpitisha mbele ya kila meza kwa muda usiotosha hata kutabasamu. Chuma nacho hukamatwa kwa ngozi tupu, kwa hiyo anayepanda hapaki mafuta wala losheni kabla ya kazi, ingawa baadaye atapaswa kuketi karibu na mteja akiwa nadhifu. Wimbo mmoja una dakika tatu au nne. Akiujaza wote kwa kupanda na kupinduka, atashuka akihema, jasho likimtiririka, na pumzi ya kumsalimia mtu kwa utulivu hatakuwa nayo. (Michubuko ya mapajani ni habari nyingine. Mteja mmoja aliwahi kuniuliza kwa huruma kama napigwa nyumbani, na nilitumia muda mrefu kumwaminisha kwamba anayenipiga ni nguzo.)

Katika miaka yangu ya mwanzo nilijifunza kuporomoka kutoka juu kabisa, kichwa mbele, na kujizuia shubiri moja kabla ya sakafu. Usiku wa kwanza nilipouonyesha mtindo huo ukumbi mzima ulisimama. Walinipigia makofi kama wanavyompigia mtu anayetembea juu ya kamba, kisha wakaketi na kugeukia vinywaji vyao, na hakuna aliyeniita mezani. Sarakasi ikizidi, mteja humwona mnenguaji kuwa ni wa kutazamwa kwa mbali, na huogopa hata kumsemesha.

Sisemi kwamba nguzo haina kazi. Mapema usiku, watu wanapokuwa wameinamia simu zao, mtindo mmoja mkali huwainua vichwa wote kwa pamoja, na hakuna tabasamu linaloweza kufanya hivyo. Ila siku hizi nauchagua kwa kuangalia uso wangu utaelekea wapi, si kwa ugumu wake. Kukaa juu ya nguzo mapaja yakiwa yameibana, mikono yote miwili ikiwa huru, ni jambo ambalo mwanafunzi wa majuma machache hulimudu. Lakini nikiwa pale juu naiona kila meza, namjua aliyeacha maongezi ili anitazame, na naweza kumpungia mkono. Ubeti wa kwanza nautembea taratibu kandokando ya jukwaa, kiitikio nakipa mtindo mmoja tu, na nashuka wimbo ukiwa bado na dakika nzima, ili nimfikie mtu yule kabla macho yake hayajahama.

Kuna mgongano mmoja ambao mwandishi hakuugusa kabisa, nao ni pombe. Mazungumzo mezani huja na vinywaji vya kukaribishwa, na kukataa kila mara humvunja moyo anayekukaribisha, lakini kupanda nguzo baada ya kunywa ni kujitafutia kuvunjika shingo. Mimi nikishapokea glasi ya kwanza, zamu zangu za jukwaani zilizobaki nazicheza miguu ikiwa sakafuni, na sijawahi kusikia mteja akilalamika kwamba amepunjwa.

Mwandishi wenu akirudi ukumbini, namwomba asiandike kuhusu jukwaa. Aketi nyuma, amfuate kwa macho mnenguaji aliyeshuka punde, na ahesabu ni meza ngapi anazopitia, na ni majina mangapi ya wateja anayoyakumbuka.

Mnenguaji (jina limehifadhiwa)