Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Ya fedha atayaeleza mweka hazina, na wasiolipa ada wanajijua. Mimi nitazungumzia kazi iliyotumalizia jioni nyingi mwaka huu: kumtambua mapema mgonjwa wa VVU anayeanza kupata demensia, yaani kudhoofika kwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri.

Wengi wetu kliniki tunatumia IHDS (International HIV Dementia Scale), kipimo kifupi cha kuchuja wenye dalili za demensia, kilichochapishwa mwaka 2005 baada ya kujaribiwa Baltimore, Marekani, na Kampala. Nakipenda kwa sababu hakimdai mtu awe amesoma. Mgonjwa anagonganisha vidole viwili kwa sekunde 5, anafuatisha mikao mitatu ya mkono kwa sekunde 10, kisha anakumbuka maneno manne: mbwa, kofia, haragwe, nyekundu. Alama zote ni 12. Mwenye 10 au pungufu anahitaji uchunguzi zaidi. Sisi tumekuwa tukiruka hapo na kuandika "demensia" kwenye faili, mimi nikiwemo.

Kampala, kipimo kilinasa 80% ya wenye demensia, lakini wasio nayo kiliwaondolea shaka 55% tu. Kwenye semina tulimwaga mezani punje 100 za mahindi, tukasema ndio wagonjwa, na 10 kati yao wana demensia. Kipimo kinanasa 8, kisha kinazoa na wengine 40 hivi wasio nayo. Kwa hiyo katika kila sita walioshindwa, mwenye demensia kweli ni mmoja. Tulipoweka wenye demensia 30, uwezekano wa aliyeshindwa kuwa nayo kweli ukapanda hadi 43%. Kipimo ni kilekile, kundi ndilo lililobadilika. Hiyo ndiyo kanuni ya Bayes, kwamba maana ya jibu la kipimo inategemea pia tatizo limeenea kiasi gani katika kundi, na siku ile hata waliokimbia hesabu shuleni hawakuaga mapema.

Modeli tunayoichora, yaani mchoro wa mishale unaoonyesha nini kinaathiri nini, inaongeza CD4 (idadi ya seli za kinga) ya chini kabisa aliyowahi kuwa nayo mgonjwa, pombe, sonona na maambukizi ya ubongo kama ya fangasi wa kriptokokasi. Sonona ndiyo iliyotukwamisha. Inapunguza kasi ya vidole na inaharibu kumbukumbu pia, hivyo ukizihesabu dalili hizo kana kwamba hazijuani, umemhukumu mtu mara mbili kwa kosa moja. Na seremala mwenye vidole vilivyokakamaa je? Huyo bado hatujampatia mshale kwenye mchoro.

Ombi langu la mwakani: andikeni alama za kila sehemu peke yake, si jumla tu. Fomu ziko kwa katibu.