Unahamia CRM mpya? Linda historia ya mitambo kwanza

Kampuni ya kufunga na kutengeneza mitambo, iwe ni pampu za visima, jenereta, sola, kamera za ulinzi au lifti, hufika mahali ile programu ya kugawia mafundi kazi ikawa haitoshi tena. Ofisi inataka mauzo, mikataba, malalamiko na kazi za mafundi vikae pamoja. Mwenye kampuni anaonyeshwa CRM, yaani mfumo wa kusimamia wateja, kama Zoho, Odoo, HubSpot au Salesforce, anapendezwa, analipia. Linalobaki ni hili: kazi za miaka yote iliyopita zitafikaje huko, na zitafika zikiwa nzima?

Kuhamisha data ya namna hiyo ndiyo kazi yetu hapa Nairobi, na tunaandika haya kwa mwenye kampuni anayefikiria kuhama, hata kama hatatuita sisi. Wengi wanaotupigia simu husema, "Tunataka tu wateja wetu waingie." Wateja kuingia ndiyo sehemu rahisi. Majina, simu na barua pepe vinapakiwa asubuhi na vinaonekana mchana. Kinachopotea, na kinachokuja kuuma miezi baadaye, ni ule uhusiano kati ya mtambo, mahali ulipofungwa, na kila kazi iliyofanywa juu yake.

Sababu yake iko kwenye mfumo wenyewe. CRM nyingi zilianza kama vyombo vya watu wa mauzo. Ndani yake kuna mtu, kuna kampuni, na kuna mauzo yanayofuatiliwa mpaka yakamilike. Fundi hafikirii hivyo. Yeye ana pampu iliyozamishwa kisimani Kitengela, ilibadilishwa mota 2022, waya ulikatwa na wachimbaji mwaka uliofuata, na bado kuna mabishano kuhusu dhamana. Au chukua shule yenye majengo matatu, kila jengo na jenereta yake, kila jenereta na kadi zake za kazi. Ukizimwaga kadi zote chini ya jina la shule, mfumo utazipokea bila neno. Halafu jenereta ya bweni izime saa nne usiku, fundi afungue simu yake, akute msururu wa "imebadilishwa chujio", "imebadilishwa betri", "inavuja mafuta", asijue ni ipi ya mashine ipi. Kwa fundi huyo, historia haipo.

Kwa hiyo sisi hupakia kwa mpangilio usiorukwa: mteja, kisha mahali, kisha mtambo, kisha mkataba wa matengenezo, kisha kazi, na mwisho picha na sahihi. Kila kimoja kinashikilia kilichokitangulia. Na kila rekodi tunaiachia nambari yake ya mfumo wa zamani, katika safu ya peke yake. Nambari hiyo ndiyo inayotuwezesha kurudia kupakia bila kuzaa nakala mbili mbili, na ndiyo itakayomwokoa mhasibu wako siku atakapokuwa na invoisi ya karatasi mkononi na hajui aitafute wapi. Kama CRM uliyochagua haina mahali pa mtambo, usikubali mtambo uandikwe kwenye maelezo ya mteja. Mifumo mikubwa inaruhusu kuongeza aina mpya ya rekodi, ila mingine inaruhusu hilo kwenye kifurushi cha bei ya juu tu. Uliza kabla ya kulipa.

Uharibifu mwingi tunaoukuta umefanywa na Excel, tena na mtu mwenye nia njema aliyefungua faili ili aikague kidogo, akaihifadhi. Excel ikiona tarakimu hudhani ni hesabu. Sufuri ya mbele ya nambari ya simu inatoka. Nambari ya posta 00100 inakuwa 100. Nambari ya mtambo yenye tarakimu zaidi ya 15 inabadilishwa tarakimu za mwisho kuwa sufuri, na hapo mashine mbili tofauti zinaweza kugeuka moja. Tarehe ndizo hatari kuliko zote. 03/04/2023 kwetu ni tarehe 3 Aprili; kompyuta iliyowekwa kwa mtindo wa Marekani inaisoma kuwa 4 Machi. Ikifika 25/04/2023 inashindwa, kwa maana hakuna mwezi wa 25, basi inaiacha kama maandishi. Faili hiyo hiyo inabaki na tarehe zilizogeuka na ambazo hazikugeuka, zimechanganyika, na kwa macho huwezi kuzitenganisha. Dawa yake ni kuacha faili ya kwanza bila kuguswa, kuingiza kila safu kama maandishi, na kuandika tarehe kwa kuanza na mwaka: 2023-04-03.

Saa nazo zina mambo yake. Mifumo mingi huhifadhi muda kwa UTC, yaani saa ya kimataifa, nasi tuko saa tatu mbele. Tarehe iliyopakiwa kama saa sita usiku ya Nairobi inahifadhiwa kuwa saa tatu usiku ya siku iliyotangulia, na ripoti isiyojua hilo itakuonyesha dhamana zote zikiisha siku moja mapema. Tena kuna kadi za karatasi. Fundi akiandika "nilifika saa 2", ni asubuhi baada ya chai. Anayeingiza kwenye kompyuta akiandika 2:00, umepata kazi iliyofanywa usiku wa manane, na mteja makini atauliza.

Sasa mahali. Hapa tunaomba usikivu wako, maana ndipo programu za nje zinapoachana na maisha ya Nairobi. Programu hizo zina visanduku vya mtaa, nambari ya nyumba, jiji na posta. Dada wa ofisini anavijaza anavyoweza: Sanduku la Posta fulani, 00100, Nairobi. Kwa barua, anwani hiyo ni sahihi. Kwa fundi aliye juu ya boda na toolbox mgongoni haina maana yoyote, kwa sababu 00100 ni posta kuu katikati ya mji. Maelekezo ya kweli yamejificha kwenye maelezo ya kazi ya zamani: "Ruaka, ukipita kituo cha mafuta ingia kushoto barabara ya vumbi, geti ya kijani ya pili baada ya kanisa, mbwa hufungwa ukipiga simu." Mstari kama huo una thamani kuliko anwani yoyote rasmi, nao ndio wa kwanza kutupwa mtu akihamisha data kwa haraka, kwa kuwa hauna kisanduku chake. Sisi tunautengenezea: safu ya maelekezo kwa fundi, inayoonekana juu kabisa kwenye simu yake.

Kama mafundi wako walikuwa wakirekodi alama ya ramani, iangalie ile ishara ya kutoa. Nairobi iko kusini mwa ikweta, karibu -1.28 kwa 36.8. Ishara ikianguka njiani, mteja wako wa Kilimani anajikuta upande wa Maralal, Samburu. Nambari hizo mbili zikibadilishana nafasi, anaenda baharini, katika Mediterania, kusini mwa Uhispania. Kosa la namna hii unaligundua kwa kuweka alama zote kwenye ramani moja na kutazama.

Kuhusu majina yanayojirudia, jiandae kwa kazi ya mikono. Mteja mmoja wa Umoja unaweza kumkuta kama "Mwangi Umoja", "P. Mwangi", "Mama Kevo" na "ile nyumba ya tangi nyeusi", wote wakiwa na pampu ile ile. Kishawishi ni kuunganisha wote wenye nambari moja ya simu. Usifanye hivyo bila kuangalia. Keateka, yaani mtunza nyumba, mmoja huacha nambari yake kwa ploti za wenye nyumba tofauti. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hurudi sokoni ikapewa mtu mwingine. Na malipo ya M-Pesa mara nyingi huingia kwa jina la mke, kaka au mhasibu, kwa hiyo jina la aliyelipa halithibitishi mteja ni nani. Tunachohifadhi ni ule msimbo wa malipo wenye herufi na tarakimu, jumla 10, ukiwa umefungwa kwenye invoisi yake. Nambari za simu zenyewe ziandikwe kwa mtindo mmoja, +254 na tarakimu tisa, na hakikisha kanuni ya kukagua haitupi nambari zinazoanza na 01. Zilianza kutolewa 2019, na bado tunakutana na fomula zinazoamini kila simu ya Kenya lazima ianze na 07.

Si kila kitu kinastahili kuhama. Pitia maelezo ya kazi za zamani uone kilichomo: namba ya siri ya alamu, mahali ufunguo unapofichwa, picha ya kitambulisho cha mlinzi, siku ambazo mwenye nyumba huwa safarini. Katika programu ya mafundi hayo yalionwa na watu wachache. Ndani ya CRM, kila mtu wa mauzo atayaona. Hilo linatusumbua sana, na huwa hatupakii safu ya maelezo mpaka tumeisafisha. Tena kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019: unatakiwa kuhifadhi taarifa za watu kwa kiasi kinachohitajika na kwa muda unaohitajika, uwe na mkataba wa maandishi na yeyote anayechakata data kwa niaba yako, sisi tukiwemo, na ikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, Kamishna wa Ulinzi wa Data ajulishwe ndani ya saa 72. Seva ya CRM ikiwa nje ya nchi, kuna masharti ya ziada. Kwa upande wa kodi, kumbukumbu zinatakiwa kutunzwa miaka mitano, basi usifute invoisi kwa sababu tu hazipendezi kwenye mfumo mpya.

Na invoisi hizo zipakie kama historia. Kama CRM yako imeunganishwa na eTIMS, mfumo wa invoisi wa mamlaka ya kodi, KRA, zima muunganisho huo kabla ya kupakia, la sivyo mauzo ya mwaka jana yanaweza kutumwa upya kana kwamba ni ya leo.

Zima pia jumbe zote zinazojituma. Tunalisisitiza kwa kila mteja na tutaendelea kulisisitiza. CRM mpya huja na mazoea ya kumwandikia mteja kazi inapofungwa: "Asante, tafadhali tupe maoni yako." Ukipakia kazi za 2019 zikiwa na hali ya "imefungwa", mfumo unaweza kudhani zimefungwa sasa hivi. Fikiria mjane anayepokea SMS yenye jina la marehemu mumewe, akiulizwa kama alifurahia huduma ya tangi la maji. Hakuna punguzo la bei litakalorekebisha hilo. Tunazima SMS, barua pepe na vikumbusho vyote, tunapakia, tunakagua, kisha tunawasha kimoja kimoja tukianza na simu za ofisini kwako.

Majaribio tunayafanya na mafundi. Meneja akiona jumla ya wateja imelingana anaridhika. Fundi haridhiki kirahisi. Tunachagua wateja wagumu: mwenye majengo mengi, aliyehama South B akaenda Syokimau na mtambo wake, kampuni iliyobadilisha jina, pampu iliyobadilishwa chini ya dhamana. Tunampa fundi anayewajua simu yenye mfumo mpya na kumwomba atueleze historia ya mashine kama anavyoiona pale. Akinyamaza kidogo na kusema, "Hapana, hii mota si ya hapa," tunarudi kwenye faili. Mafundi wakongwe wana kumbukumbu ambayo hakuna programu iliyowahi kuwa nayo, na nusu saa yao inaokoa wiki za marekebisho.

Siku ya kuhama yenyewe iwe Jumamosi jioni, mbali na mwisho wa mwezi ambapo invoisi zinatoka. Kuanzia hapo hakuna anayeandika tena kwenye mfumo wa zamani. Kazi zilizo wazi na ratiba za matengenezo yajayo tunazihamisha mwisho, kwa sababu hizo hubadilika hadi dakika ya mwisho, na Jumatatu asubuhi fundi akikosa ratiba yake hataamini mfumo huo tena.

Bei yetu inategemea zaidi hali ya data kuliko wingi wake, ndiyo maana huwa tunaomba kuona faili kabla ya kutaja gharama. Kuiangalia hakulipishwi.

Jambo moja lifanye wiki hii hata kabla ya kumwita mtu yeyote: mwandikie mwenye mfumo wako wa zamani. Muulize kama data yote inatoka, au ni majina na kazi tu. Picha za kazi na sahihi za wateja mara nyingi hazimo kwenye faili unayopakua; unapewa viungo, na viungo vingine hufa baada ya muda mfupi au akaunti inapofungwa. Muulize utaweza kuingia na kusoma kwa muda gani baada ya kuacha kulipa, na data yako itafutwa lini. Upate majibu hayo kwa maandishi, na upakue picha zote, ndipo utoe notisi.