Kompyuta ikichelewa kuwaka, diski isihukumiwe kabla ya kupimwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie desturi iliyoota mizizi katika ofisi nyingi za hapa Dodoma, ya kung'oa diski na kununua nyingine kila kompyuta inapoanza kuchelewa kuwaka. Mimi ni fundi, na kazi hiyo hunipa riziki, lakini fedha nyingi zinateketea kwa kutibu ugonjwa ambao haukupimwa.

Hivi karibuni niliitwa katika ofisi moja inayotumia mfumo endeshi wa Linux. Baada ya sasisho la kawaida, kompyuta zake za aina moja zilianza kubaki na kioo cheusi kwa muda mrefu kabla ya kumfikisha mtumiaji kwenye nywila. Nilipofika, vumbi la Dodoma lilikuwa limeshalaumiwa, umeme unaokatika nao umelaumiwa, na barua ya kuomba diski mpya imeshaandikwa. Hakuna aliyejiuliza inawezekanaje diski za kompyuta zote hizo zichoke kwa pamoja.

Kerneli, yaani kiini cha mfumo huo, huandika matukio yake tangu kuwashwa, pamoja na sekunde ya tukio lenyewe, na amri ya dmesg humwonyesha fundi maandishi hayo. Niliyasoma nikitafuta mahali ambapo saa imeruka. Nilikuta pengo la takriban sekunde kumi, likifuatwa na jingine la urefu uleule, na hapo ndipo shaka yangu ilipohama kutoka kwenye chuma kwenda kwenye programu. Draiva ya SATA ya Linux, yaani programu inayoongoza milango ya kuunganishia diski na visomeo vya DVD, imewekewa mipaka ya kusubiri: ikikiamuru kifaa kijianzishe upya na kisijibu, husubiri sekunde 10, kisha 10 nyingine, kisha 35, na mwisho 5, jumla yake dakika nzima, ndipo ikate tamaa. Diski inayokufa kwa kawaida haina nidhamu ya namna hiyo. Leo itachelewa kidogo, kesho zaidi, na mara nyingi rekodi yake ya afya itaonyesha sekta mbovu, yaani vipande vya diski vilivyoharibika, zilizohamishwa au zinazosubiri kuhamishwa. Waya wa data ukiwa na hitilafu, nao huacha alama zake katika rekodi hiyohiyo. Mimi sikuona lolote kati ya hayo. Zaidi ya hapo, mlango uliokuwa ukisubiriwa haukuwa wa diski hata kidogo, bali wa kisomeo cha DVD ambacho nadhani hakuna aliyekikumbuka kwa miaka.

Uthibitisho haukugharimu hata shilingi. Mifumo mingi ya Linux huihifadhi kerneli iliyotangulia katika orodha ya kuwashia, hivyo niliwasha kwa ile ya zamani na ucheleweshaji ukatoweka. Niliporudi kwenye mpya, nao ukarudi. Kasoro ilikuwa imeingia na toleo jipya la draiva.

Mafundi wenzangu watasema kwamba wao wakibadilisha diski kompyuta hupona. Ni kweli, lakini waangalie walichobadilisha. Diski mpya huwekewa mfumo kutoka kwenye flashi yenye toleo la zamani, kompyuta ikawaka upesi, kila mtu akafurahi. Mfumo ukishajisasisha, ugonjwa unarejea, na muuzaji wa Kariakoo anatukanwa kwa kuuza bidhaa feki. Anayefomati, licha ya kutotibu chochote, anafuta pia ushahidi pekee uliokuwepo.

Ushahidi huo una wa kuupokea. Watengenezaji wa kerneli ya Linux wana msimamo kwamba badiliko likiharibu kilichokuwa kikifanya kazi, hiyo ni kasoro ya kurekebishwa, na pasipo tiba ya haraka badiliko lenyewe huweza kuondolewa. Toleo moja hadi jingine huwa na mabadiliko zaidi ya 10,000, idadi inayotisha, lakini Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko iliyoanzishwa na Linus Torvalds, mwasisi wa Linux, mwaka 2005, ina njia ya kuyagawa nusu kwa nusu, hivyo majaribio yapatayo 14 yanatosha kulifikia badiliko lenye kosa. Kila jaribio hudai kerneli iundwe upya, kazi ya kuchosha kwa kompyuta za ofisini. Asiyeiweza hata hivyo anaweza kuwatumia wahusika maandishi ya dmesg ya kerneli zote mbili, namba za matoleo na aina ya kifaa.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa vitengo vya TEHAMA wasiidhinishe ununuzi wa diski kwa sababu ya kuchelewa kuwaka pekee, mpaka fundi awasilishe maandishi hayo na matokeo ya kuwasha kwa kerneli ya zamani. VETA na Chuo Kikuu cha Dodoma nao wawape wanafunzi mazoezi ya kutosha ya kusoma kumbukumbu za mfumo, kwani tunapokea vijana hodari wa kufungua mashine ambao hawajawahi kuisoma hata moja.

Kubaki na kerneli ya zamani ni nafuu ya muda tu, maana marekebisho ya usalama huja na matoleo mapya. Kila ofisi itenge kompyuta moja ya kupokea sasisho kwanza, na nyingine ziruhusiwe baada ya hiyo kuwashwa na kupimwa.

Fundi wa kompyuta,
Majengo, Dodoma.