Mdogo wangu anasema karatasi aliikuta yeye

Shangazi, shikamoo. Ni saa kumi alfajiri hapa Columbus na usingizi umenikataa kabisa. Nimeona afadhali nikuandikie wewe kuliko kumpigia mtu simu nikatoa maneno ambayo hayarudi.

Unayajua haya magari ya Marekani ya zamani, Mustang, Charger, GTO na wenzake. Langu lilikuwa Chevrolet Chevelle SS ya 1970, yaani Super Sport, toleo la kasi, jekundu, mistari miwili myeusi juu ya boneti, injini ya inchi za ujazo 454 aina ya LS6, ile ya nguvu za farasi 450 ambayo Chevelle iliwekewa mwaka huo mmoja tu. Nililinunua kwa mjane wa mkulima kule Indiana, kuku wanatagia humo, sakafu imeliwa na kutu. Nikalifufua kwa mikono yangu, usiku baada ya kazi. Sikuwahi kukosa ada ya watoto wala dawa za mama kwa ajili ya gari, na hilo nalisema mapema maana nawajua watakaodakia.

Siku nilipoteremsha tangi la mafuta ndipo nikaikuta karatasi ya kiwanda, ile inayoorodhesha gari lilifungwa vitu gani, imegandia juu yake. Mimi, Shangazi. Nimelala chali chini ya gari, mdogo wangu wakati huo yuko Tanga hata viza hana. Karatasi hiyo ndiyo gari lenyewe. Mwaka ule SS ilikuwa nyongeza ya kuagiza, namba ya chasisi haikuonyeshi. Mtu anachukua Chevelle Malibu ya kawaida, anabandika nembo, anatia injini kubwa, anakuuzia kama SS. Magari ya Pontiac yana kumbukumbu za kiwanda, unaomba unapewa. Kwa Chevrolet za hapa hakuna. Hata namba zilizogongwa kwenye bloku ya injini kuna mafundi wanazikwangua na kugonga nyingine. Langu liligongwa CRV, herufi za injini ya LS6, na karatasi ikasema CRV. Niliianika siku kadhaa, nikaitia kwenye fremu.

Mdogo wangu akanijia. "Kaka, usiwauzie watu baki, niuzie mimi libaki nyumbani, watoto wetu walikute." Nikampa kwa dola 40,000, na nilikuwa nimeshakataa zaidi ya hizo. Usiniambie ningemwandikisha. Tangu lini mtu akaandikishana na aliyenyonya naye ziwa moja? Haikupita miezi mingi gari likapanda mnadani Kissimmee, Florida, Januari, likaenda zaidi ya 120,000. Habari nilizipata kwa rafiki.

Shida yangu si pesa. Lilikuwa lake, auze. Lakini rafiki alinitumia video, na mle mdogo wangu kashika kipaza sauti anawaambia watu, "Nilipoteremsha tangi nikaikuta karatasi." Nikaikuta! Hata jina langu hakulitaja. Mtu ambaye mafuta ya injini hajawahi kubadilisha.

Sasa mnunuzi amenipata, jina langu liko kwenye risiti za vipuri. Tangazo la mnada lilisema karatasi halisi inakwenda na gari, kumbe mdogo wangu alikuwa na nakala tu. Halisi ninayo mimi, ipo ukutani, sikumuuzia karatasi, nilimuuzia gari. Mnunuzi anasema atanilipa vizuri na anataka kusikia ilipatikanaje. Nikimpa na kumweleza ukweli, nitakuwa nimemchongea ndugu yangu? Maana mnunuzi tayari anataja wakili. Mdogo wangu naye hanipigii mimi, kampigia mama, na mama analia kwenye simu kwamba karatasi hailingani na ndugu, nimpe mwenzangu akaimalize. Nimpe ili aseme tena kwamba aliikuta yeye?

Mke wangu anasema niiuze kwa bei niitakayo na hapo tutakuwa tumelipwa haki yetu. Mimi sitaki senti yao. Ingawa ukipiga hesabu, hata nusu ya ile faida ilikuwa jasho langu, rangi ile nilipiga mara mbili, gia boksi nimeifungua mimi mwenyewe. Wakati mwingine natamani huyo bwana aniuzie gari nilirudishe gerejini, na wakati mwingine sitaki kuliona tena.

Angeomba radhi tu. Au hata asiombe, aseme kwenye simu moja na mama akiwa anasikia: karatasi aliikuta kaka. Sijui kama nina haki ya kumtaka aseme hivyo kabla sijamwokoa.

Nijibu upesi, Shangazi. Mnunuzi atapiga tena Ijumaa, na mama anapiga kila siku.

Kaka mtu, Ohio