Yah: Malalamiko kuhusu ziara ya Istanbul iliyopangwa bila kalenda wala ramani

Tabata, Dar es Salaam

Kwa Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi uliopita mliniuzia ziara ya siku tano ya Istanbul kwa watu wanne: mimi, mke wangu, dada yangu na mama yetu mzazi. Tumerudi salama, alhamdulillahi. Salama hiyo haikutokana na ratiba yenu.

Naanza na hoteli. Karatasi yenu inasema iko "hatua chache kutoka Msikiti wa Bluu". Tulikofikishwa ni Üsküdar, upande wa Asia, na msikiti uko upande wa Ulaya. Katikati ya hatua hizo chache kuna mlango wa bahari wa Bosphorus. Kila asubuhi tuliteremka mlima, tukapanda treni ya Marmaray inayopita chini ya maji hadi Sirkeci, tukatoka huko ardhini kwa ngazi za umeme ndefu ajabu, kisha tramu ya T1 vituo viwili hadi Sultanahmet. Usafiri wao ni mzuri, sina ugomvi na Waturuki. Ugomvi wangu ni magoti ya mama. Ana miaka 71, na mlinihakikishia kwa simu kwamba hatapanda mlima wowote. Jioni mlima ulikuwa uleule, sasa wa kupanda. Mama alikuwa akipumzika kila baada ya maduka mawili matatu, na wenye maduka wakimtolea kigoda na chai. Wale hawakulipwa kumhudumia. Nyinyi mlilipwa.

Mliandika pia "usafiri wa mjini umejumuishwa". Mapokezi tulikuta bahasha yenye Istanbulkart moja, kadi ya nauli ya mji ule. Tulipoigusisha getini ikakataa, haikuwa na salio hata la mtu mmoja.

Sasa ratiba yenyewe. Msikiti wa Bluu mmeuweka Ijumaa saa saba mchana, yaani wakati wa swala ya Ijumaa, ambapo watalii hawaingii. Sisi tulitia udhu tukaswali, kwa hiyo hatukupoteza kitu. Lakini wenzetu wawili wa msafara huohuo, Wakristo, walibaki uani wakihesabu minara. Iko sita, waliihesabu vizuri.

Jumapili mkatupeleka Kapalıçarşı, soko kuu la ndani. Soko lile halifunguliwi Jumapili. Mama, aliyekuwa na orodha ya zawadi za watu wa mtaa mzima, alilisogelea lango akaligonga kwa kidole: "Hodi!" Tulicheka hapo, lakini nauli ya kurudi kesho yake tulilipa wenyewe.

Jumanne, siku ya mwisho, ilikuwa zamu ya kasri la Topkapı. Topkapı hufungwa Jumanne. Ndege yetu ilikuwa usiku uleule, kwa hiyo hatukuliona kabisa.

Hagia Sophia mmeandika "kiingilio bure". Ilikuwa bure tangu ilipogeuzwa tena kuwa msikiti mwaka 2020, lakini tangu Januari 2024 mtalii wa kigeni hulipa euro 25 kupanda ghorofa ya juu. Tulilipa euro 100 kutoka mfukoni. Inaonekana karatasi hiyo mnaichapisha tu mwaka hadi mwaka.

Jambo zuri kuliko yote halimo hata katika ratiba yenu. Siku ya tatu mhudumu wa hoteli, kwa kumwonea mama huruma, alituonyesha kivuko cha Üsküdar hadi Eminönü. Mama alikaa dirishani na chai yake, anawarushia shakwe vipande vya simit, mkate wao wa duara wenye ufuta, akasema hili ni pantoni la Kigamboni lililosoma. Kama mngekijua kivuko hicho mngetuepusha na zile ngazi za Sirkeci.

Naomba mnirudishie euro 100 za Hagia Sophia, gharama zote za usafiri wa mjini (risiti nimeambatanisha), na tofauti ya bei kati ya hoteli mliyoitangaza na mliyotupa. Nawapa siku 14. Zikipita, nakala ya barua hii itakwenda Tume ya Ushindani.

Jibuni kwa maandishi. Msinipigie simu, maneno yenu ya simu nimeshayasikia.

Mteja wenu