Jina la mdudu wa mnazi halipatikani kwa picha ya simu

Mhariri,

Kila minazi inapoanza kunyong'onyea, picha za vidudu vya chini ya makuti huzunguka kwenye simu, na hakosi mtu wa kutamka papo hapo: "Diostrombus mkurangai!" Jina hilo lina uzito. Mwaka 2000 watafiti walitangaza kuwa vinasaba vya fitoplasma (aina ya bakteria wadogo) ya ugonjwa unaoua minazi vimekutwa Tanzania ndani ya mdudu huyu na wa jenasi ya Meenoplus. Kukutwa navyo bado si ushahidi kwamba anaambukiza, kwa hiyo kumtaja ovyo kunaharibu kazi.

Anza na lenzi ya kukuza mara 10. Chawajani, mdudu mfyonzaji anayefanana na huyu, ana vipapasio kati ya macho na safu za miiba kwenye miguu ya nyuma. Diostrombus vipapasio vyake viko chini ya macho, na kwenye shina la bawa la mbele ana kigamba. Pingili ya mwisho ya mrija wake wa kufyonzea ni fupi, urefu karibu sawa na upana: hiyo ni familia ya Derbidae. Meenoplus yeye ana chembechembe kwenye mishipa ya bawa karibu na mgongo.

Lakini hapo umefika kwenye familia tu. Spishi husomwa kwenye viungo vya uzazi vya dume. Kata tumbo, liweke kwenye maji yenye potashi kali (potasiamu hidroksidi) asilimia 10 (gramu 10 kwa mililita 100), upashe moto kichupa ndani ya maji ya moto kwa dakika 5 hadi 10, huku ukichungulia. Ukizidisha, ngozi laini huyeyuka na umbo hupotea. Suuza, tia kwenye gliserini, kisha tazama kwa hadubini ubavu wa kushoto, wa kulia na chini. Potashi huharibu vinasaba, hivyo kichwa na kifua vibaki kwenye alkoholi ya asilimia 96. Formalini usiiguse kabisa.

Mpige picha akiwa hai, maana alkoholi huosha unga wa nta na kufifisha rangi. Lebo iandikwe kwa penseli na ikae ndani ya kichupa: mahali, tarehe, mmea, aliyekusanya. Wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka, ukabaki na mdudu asiye na kwao.

Wakusanyaji wa wadudu wa minazi,
Mkoa wa Pwani